Mganda Kutoka Mississippi

Mganda maarufu kuliko wote katika historia ya mieleka ya kulipwa hakuwa Mganda. Aliitwa James Harris, alizaliwa Senatobia, Mississippi, tarehe 28 Mei 1950, akalelewa Coldwater, mji mdogo wa wakulima huko huko. Dunia ikamjua kwa jina la Kamala, Jitu la Uganda: futi sita na inchi saba, kilo zaidi ya 170, miguu mitupu, kitambaa cha madoa ya mnyama kiunoni, kinyago usoni, mkuki mkononi, nyota na mwezi vimechorwa kifuani na tumboni.

Nimeitazama kazi yake miaka mingi, kwanza kwa kanda za VHS kwenye vibanda vya vidio hapa Kondele, siku hizi kwa simu. Wengi wanaoandika juu yake huishia kusema kwamba alikuwa tusi kwa Waafrika. Ni kweli, lakini ukiishia hapo hujamwona. Mimi nasema hivi: Kamala hatuambii lolote kuhusu Uganda, ila anatuambia mengi kuhusu Mississippi.

Tuanze na Uganda basi, kwa sababu sisi watu wa Kisumu tuna haki ya kuizungumzia. Mji huu wenyewe ulikuwa Uganda. Reli iliyofika hapa ziwani mwaka 1901 iliitwa Reli ya Uganda, na sehemu hii ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi 1902, Waingereza walipousogeza mpaka. Kwa ramani ya 1901, muuza omena wa Kondele ni Mganda kuliko Kamala. Na hata baada ya mpaka kusogezwa, Uganda haikwenda mbali. Boda boda inayokubeba kutoka Kondele hadi Kibuye ilipata jina lake mpakani Busia. Jopadhola wa Tororo ni ndugu zetu, unamsikia mtu anaongea na unacheka kwa sababu umeelewa nusu. Halafu miaka ya Amin, wasomi wengi wa Uganda walikimbilia Kenya, wengi wao wakaingia madarasani. Uliza mzee yeyote aliyesoma sekondari miaka ya 1970, atakwambia kuhusu mwalimu Mganda aliyemfundisha hesabu au Kiingereza, shati limepigwa pasi, Kiingereza kimenyooka kuliko cha mkuu wa shule. Huyo ndiye Mganda tuliyemjua.

Sasa fikiria watu wa aina hiyo, wamekaa kwenye benchi la mbao, chumba kina giza na joto, wanaonyeshwa Kamala. Kibandani kulikuwa na mtafsiri, maana huku vidio haitazamwi kavu. Lazima mtu aiongelee juu, kama DJ Afro anavyofanya na filamu za mapigano. Kamala alikuwa kazi ngumu kwa mtafsiri kwa sababu hakusema kitu. Alinguruma tu, akapiga tumbo lake kwa viganja viwili. Basi mtafsiri akamtungia maneno. Siku moja angemfanya Mganda anayelalamika kwamba matoke ya Marekani hayajaiva, siku nyingine mlevi aliyekosa matatu ya mwisho Busia. Watu walikuwa wakivunjika mbavu. Mama mmoja wa Tororo aliyeuza chapati pale mlangoni alichungulia mara moja tu, akauliza, "Huyu ni wa kwetu wapi, na hajui hata kusalimia?" Kisha akarudi kwenye kikaango chake. Sijasoma uhakiki mfupi na kamili kuliko huo. Kwa Mganda, mtu asiyesalimia hajafika bado.

Lakini kwa nini Uganda? Kwa nini asitoke Gabon, au Malawi? Jibu ni Idi Amin, na hapa historia inachekesha kuliko mieleka yenyewe. Amin alikuwa mwanandondi kweli, bingwa wa Uganda katika miaka ya 1950, na dunia nzima ilimjua kwa mwili wake kabla ya kujua siasa zake. Mwaka 1976 Antonio Inoki, mwanamieleka mkubwa wa Japani na mwanzilishi wa New Japan, alipigana na Muhammad Ali mjini Tokyo. Baadaye promota mmoja wa Kijapani akapata wazo kubwa zaidi: Inoki apigane na Amin mwenyewe, mjini Kampala, Juni 1979, Ali awe refa. Amin alikubali. Pambano halikufanyika kwa sababu mnamo Aprili mwaka huo wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala, na bingwa akakimbia.

Kwa hiyo Kamala alipozaliwa ulingoni, Memphis, mwaka 1982, jina la Uganda lilikuwa bidhaa iliyokwisha kutangazwa bure na magazeti. Hadithi aliyopewa ni kwamba alikuwa mlinzi wa zamani wa Idi Amin. Promota Jerry Jarrett na mwanamieleka Jerry Lawler ndio walioiunda sura ile. Lawler, ambaye ni mchoraji pia, alichora rangi za mwilini. Vidio ya kumtambulisha, ile ya Kamala akitokea kwenye moshi wa msituni, ilipigwa Tennessee, kwenye shamba la Jarrett. Moshi ulikuwa wa barafu kavu.

Na aliyekuwa chini ya rangi ni nani? Mtoto wa familia iliyolima shamba la mwenyewe mwingine na kugawana naye mavuno. Baba yake aliuawa yeye akiwa mdogo sana. Ujanani aliiba, polisi wa kwao wakamshauri ahame mji, akaenda Florida, akachuma matunda na kuendesha lori. Baadaye alifika Michigan, akajifunza mieleka kwa Bobo Brazil, na akaanza kucheza mwaka 1978. Aliitwa Sugar Bear Harris. Akavuka hadi Uingereza, akacheza kama mtu mkatili wa kutoka Mississippi, yaani karibu na ukweli. Haikumpeleka popote.

Simama hapo kidogo. Bobo Brazil, mwalimu wake, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Houston Harris, mtu wa Arkansas. Abdullah the Butcher, yule aliyetangazwa kuwa kichaa kutoka Sudan, ni Larry Shreve wa Windsor, Ontario, Kanada. Wanaume weusi watatu wa Amerika Kaskazini, na kila mmoja ilibidi atoke mahali pengine ndipo tiketi iuzwe. Brazil alipewa nafasi ya kuwa shujaa na akaitumia vizuri sana. Hata hivyo, unaona biashara ilivyokuwa: mtu mweusi aliyelima pamba jirani na wewe si kiumbe cha ajabu, unamjua, pengine unamdai. Mtie rangi, mwambie anyamaze, mtume Afrika kisha umrudishe, sasa analipiwa kiingilio.

Ndiyo maana nasema Kamala ni Mississippi. Mtazame tena, uache mkuki na kinyago, uangalie mambo matatu tu.

La kwanza ni nyapara. Kamala hakuingia ulingoni peke yake. Aliongozwa na mzungu aliyeficha uso kwa kinyago cha kitambaa, amevaa kaki na kofia ngumu ya kikoloni, ile ya DC kwenye picha za zamani. Mwanzoni nyapara huyu aliitwa Friday, na kwenye WWF akaitwa Kim Chee. Kazi yake ilikuwa kumwelekeza, kumtuliza na kumkemea. Wazee wetu waliokata miwa ya watu wanamfahamu mtu huyu bila kutafsiriwa. Hakuna kitu cha Kiganda katika uhusiano ule. Ni shamba, mfanyakazi na msimamizi wake, umewekwa taa na muziki.

La pili ni ile mbinu ya kutojua kubana. Ili ushinde lazima mabega ya mpinzani yaguse chini hadi refa ahesabu tatu. Kamala angemwangusha mtu, akampiga tumboni kwa uzito wake wote, mtu amekwisha kabisa, kisha akamlalia kifudifudi. Refa hawezi kuhesabu. Nyapara anapiga kelele, mgeuze, mgeuze! Jitu halielewi. Watu wanacheka. Huo ni utani wa bwana juu ya mtumwa: nguvu zote anazo, akili hana, na bila sisi hawezi kumaliza kazi aliyoianza. Ukiutazama ukijua Harris alikuwa amecheza miaka mingi na alijua kubana mtu tangu Michigan, kicheko kinakwama.

La tatu ni ukimya. Mtu atanijibu, wacha bwana, ni mchezo, kila mtu mle ndani alikuwa katuni. Iron Sheik alikuwa Muirani wa kutukanwa, Nikolai Volkoff akawa Mrusi ilhali alizaliwa Kroatia. Sawa. Lakini hao walipewa maikrofoni. Iron Sheik alisimama akaisifu Iran kwa sauti kubwa hadi ukumbi ukachemka, na alikuwa Muirani kweli. Adui anayesema ni mtu. Unaweza kumchukia, unaweza hata kumkubali kimoyomoyo. Kamala alinyimwa hata hiyo nafasi ya kuchukiwa kwa maneno yake. Mtu aliyezungumza Kiingereza tangu kuzaliwa alilipwa kwa sharti la kutokizungumza.

Na bado, kazi aliijua. Hili lisemwe waziwazi, kwa sababu wanaomhurumia mara nyingi wanasahau kumheshimu. Tazama anavyoshuka kuelekea ulingoni: hatua fupi, kichwa kinageuka kabla ya mabega, macho yanakwepa taa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuziona. Kila usiku, miaka kumi na zaidi, mara ya kwanza. Pigo lake la kiganja cha mkono kichwani lilionekana kuua, na wapinzani waliamka wakiwa wazima. Mwaka 1984 alikutana na Andre the Giant, mtu pekee aliyemfanya aonekane wa kawaida, na jitu letu likajua kuogopa bila kupoteza ukubwa. Kuogopa ulingoni ni kazi ngumu kuliko kutisha. Mwigizaji wa chuo angepewa tuzo.

Mwaka 1992 ndio ulimfikisha mbali zaidi. Agosti 29, uwanja wa Wembley, London, watu karibu 80,000, Kamala dhidi ya Undertaker. Alipoteza kwa sababu nyapara wake aliingilia. Novemba wakarudiana, safari hii kwa jeneza: anayeshindwa anafungiwa ndani. Kamala akafungiwa, na Undertaker akapigilia misumari. Harris mwenyewe alisema baadaye kwamba kwa usiku wa Wembley alipata dola 13,000, na akadai mpinzani wake alipata karibu nusu milioni. Hayo ni maneno yake na hesabu yake. Ila alihesabu, na alikumbuka. Lile jitu lisilojua kufika tatu.

Muda mfupi baada ya jeneza wakamgeuza mwema. Slick, meneja mweusi aliyekuwa sasa anaigiza mchungaji wa kanisa, akamkomboa kutoka kwa nyapara na kumwambia kwamba yeye ni mwanadamu. Baada ya hapo tukaonyeshwa vipindi vya Slick akimfundisha kurusha mpira wa bowling. Watu wanaikumbuka sehemu hii kwa upole. Mimi naiona kuwa mbaya kuliko zote. Ule ukatili wa mwanzo angalau ulijijua kuwa ni sarakasi. Hapa wanakwambia kwa uso mkavu kwamba utu ni kitu cha kufundishwa kwa masomo, na mwanafunzi bado hasemi. Mwaka 1993 aliondoka, akarudi kuendesha lori.

Upande wa Japani unasaidia kuona vizuri. Kule mieleka haikumtaka mgeni aseme, kwa kuwa hakuna mgeni aliyetarajiwa kujua Kijapani. Mmarekani mweupe mwenye nywele za dhahabu alikuwa jitu lisiloeleweka sawa na mweusi mwenye mkuki. Ndiyo sababu Abdullah the Butcher aliweza kuwa kipenzi cha watu Japani: mashabiki walimtazama anachofanya, na alichofanya, damu na uma na yote, kilikuwa chake. Alizeeka nao. Kwenye All Japan, kampuni aliyoianzisha Giant Baba mwaka 1972, sura ya Kamala ilifika pia, kwa tahajia ya Kimala. Lakini haikubaki ya Harris. Mmarekani mwingine mweusi, Ben Peacock, akapakwa rangi zile zile na kucheza huko miaka ya 1990 kama Giant Kimala wa pili. Huko huko Japani, basi, una majibu mawili. Abdullah hawezi kurudufiwa, kwa sababu yeye ndiye mwandishi wa kile kichaa. Kamala anarudufiwa vizuri tu. Ukiwa na mtu mkubwa mweusi na kopo la rangi, una Mganda mwingine.

Baada ya kampuni kubwa zikabaki sarakiti ndogo: kumbi za shule, maonyesho ya wilaya, meza ya kutia sahihi kwenye picha. Mara moja moja wakubwa walimwita, kama Houston mwaka 2001, WrestleMania, alipoingia pamoja na wazee wenzake kwenye pambano la kukumbushia vituko vya zamani. Waandishi wengi huipita miaka hii haraka kama vile ni machweo ya huzuni. Mimi naipenda. Kwenye ukumbi mdogo hakuna anayekukataza kuongea. Shabiki anakuja mezani, Kamala ananyanyua macho, anasema habari yako kwa lafudhi ya Mississippi, mnapatana bei ya picha, pesa inaingia mfukoni mwake. Rangi ni ile ile, ila sasa yeye ndiye mwenye duka.

Kisukari na shinikizo la damu vilimnyima mguu wa kushoto mwaka 2011 na wa kulia mwaka 2012. Akakaa nyumbani akitengeneza viti vya mbao vya kuuza. Kisha akatoa kitabu cha maisha yake, na jina alilokipa, ukilitafsiri, ni Kamala Anazungumza. Jina hilo ni hoja nzima. Hakukiita Jim Harris Anazungumza. Alirudi kwenye kile kinyago walichomvisha na kukitoboa tundu la mdomo. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, wakati wa korona, na ugonjwa huo ndio uliomwondoa.

Hajakuwepo Mganda halisi katika hadithi hii hadi sasa, kwa hivyo twende Mukono, nje kidogo ya Kampala. Tangu 2023 kuna vijana wa kike na wa kiume wanaopigana mieleka kwenye ulingo wa udongo uliozungushiwa mianzi badala ya kamba. Wanauita mchezo huo Soft Ground Wrestling. Aliyeuanzisha ni Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, mtu aliyekuwa akitangaza mieleka ya Marekani kwa Kiluganda kwenye televisheni. Yaani, angalia mzunguko ulivyo: yule mtafsiri wa kibanda, aliyekuwa akiwatungia majitu ya kigeni maneno, amechoka kutafsiri na amejenga ulingo wake. Wanamieleka wake wanasema. Wanatukanana kwa Kiluganda, wanajipa majina wenyewe, wanajisifu hadi matope yakauke.

Sidai kwamba kila kitu kimepona. Vidio za Mukono zinatazamwa na mamilioni nje ya Afrika, na ukisoma wanachoandika wengine chini yake utasikia kicheko kile kile cha Memphis: oneni, matope, miguu mitupu, Afrika. Umaskini wa ulingo unauzwa kama kivutio hata kama aliyeuchimba hakukusudia hivyo. Na swali la Wembley bado liko palepale, nani anapata ngapi. Ni swali la kuwauliza Mukono mapema, kabla jeneza halijaletwa.

Ukitaka kumtazama Harris leo, nakushauri uanze na Wembley 1992. Usimtazame yeye kwanza. Mtazame mtu wa kaki anayetembea kando yake, ona mkono wake uko wapi, ona ni mara ngapi anaugusa mgongo wa jitu ili ligeuke. Kisha tazama mara ya pili umwangalie Harris peke yake, miguu na macho. Halafu fungua pambano lolote la Mukono na uongeze sauti.